Mzee wangu ana Parkinson: mazoezi tunayofanya nyumbani Tandika, na maswali niliyobaki nayo

#1 Binti wa Fundi (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Kwa miaka nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika kwa sababu wiki iliyopita, kwenye foleni ya dawa, nilikaa karibu na mama mmoja aliyemleta mumewe. Yule mzee ana ugonjwa uleule wa baba yangu, anao mwaka wa nne sasa, na hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna mazoezi ya ugonjwa wake. Anapewa vidonge, anarudishwa nyumbani, anakalishwa kwenye kochi. Wanamvalisha, wanamlisha, wanamwambia "pumzika mzee". Wanafanya kwa upendo. Na sisi tulifanya hivyohivyo mwaka mzima, na huo ndio mwaka baba aliporomoka kuliko mwaka mwingine wowote.

Baba ni fundi cherehani. Ugonjwa ulianzia kwenye daftari lake la vipimo. Kiuno 34, urefu 41, zile tarakimu zikawa zinasinyaa mpaka ukifika mwisho wa mstari huzisomi. Tukasema macho. Kisha mkono wa kulia ukaacha kupunga akitembea. Kisha kidole gumba kikaanza kutetemeka akiwa ametulia, akishika mkasi kinaacha. Jirani akasema kiharusi. Shangazi akasema katupiwa kitu na mtu waliyegombania fremu. Tulizunguka miezi kumi na moja. Mwishowe daktari mmoja wa mishipa ya fahamu alimtembeza kwenye korido, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akamkunja kiwiko taratibu akisikiliza ukakamavu wake, akasema hii ni Parkinson. Hakutumia mashine yoyote, nasi tukabaki tunatazamana.

Alivyotueleza, ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini. Hicho ndicho kinachofanya mwili utende bila kuamriwa: mikono ipunge, hatua zifuatane, uso uonyeshe furaha. Seli hizo zinakufa polepole, na mpaka dalili zionekane nyingi zimeshaondoka. Kidonge cha levodopa kikifika kichwani kinageuka dopamini. Kinasaidia sana, lakini hakizuii seli kuendelea kufa, na miaka ikienda nguvu yake inakuwa ya kupanda na kushuka kutwa nzima.

Kilichotugeuza ni kitu kidogo. Baba alikuwa anaganda mlangoni. Anafika kwenye kizingiti cha chumba, miguu inanata sakafuni kama imegundishwa, kiwiliwili kinaendelea mbele. Ameanguka pale mara tatu. Lakini mtu huyohuyo ukimkalisha kwenye cherehani ya miguu, anakanyaga pedali robo saa bila kukosea. Mama alidhani anadeka. Nilipomsimulia mtaalamu wa fiziotherapia, aliacha kuandika akaniuliza, "Anakanyaga kweli? Kwa mapigo yaleyale?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tuna pa kuanzia.

Sasa tuna mwaka wa pili wa mazoezi. Ratiba imefungwa kwenye kidonge. Anameza saa 12:30 asubuhi kwa maji matupu, nusu saa baadaye uji usio na maziwa, na saa 1:30 dawa ikiwa imeshika ndipo tunaanza. Nyama, samaki na maharage tumevisogeza mbali na muda wa dawa, maana protini inagombea njia ileile na levodopa. Kabla hatujalijua hilo tulikuwa tunamnywesha dawa na glasi ya maziwa, tunashangaa haifanyi kazi.

Anaanza kwa kuinuka kitini. Kiti cha plastiki tumekiegemeza ukutani kisiteleze. Anasogea mpaka ukingoni, miguu anairudisha nyuma kupita magoti, anainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, moja mbili tatu, juu. Mara kumi. Halafu anashika kanga pembe mbili na kutanua mikono mpaka mwisho wake, kama anampimia mteja kitambaa. Halafu anageuza kiwiliwili kulia na kushoto, anaegemeza kisogo na mabega ukutani kupambana na ule mgongo unaokunjika, kisha anatembea juu ya mistari. Hiyo mistari ni tepu ya rangi nyekundu niliyobandika kwa kukingama kuanzia kitandani, ikapita kizingiti, mpaka chooni. Anatakiwa avuke mstari, si aukanyage.

Neno kuu la yule mtaalamu lilikuwa moja: kila kitu kikubwa. Alisema ubongo wa baba umepoteza kipimo. Anadhani amepiga hatua nzima kumbe nusu, anadhani anaongea kawaida kumbe ananong'ona. Kwa fundi nguo hilo lilimwingia. Akasema, "Kumbe futi yangu imesinyaa." Tangu siku hiyo hatumwambii "tembea vizuri". Tunamwambia "futi kamili, baba", na hatua inatoka.

Bado hajapona, na hatashona suruali za wateja tena. Lakini anakwenda chooni mwenyewe usiku, na kwenye mwezi wote uliopita hajaanguka hata mara moja.

Maswali yangu: sauti yake inazidi kufifia, mnafanyaje? Na nje ya nyumba, kwenye mchanga wetu usio na mistari, mnafanyaje?

#2 Kipepeo wa Kigamboni

Dada, nimesoma nikiwa kwenye pantoni na machozi yananitoka. Mama yangu ana miaka 71. Akiganda namvuta mkono, na mara zote mbili alizoanguka nilikuwa nimemshika mimi. Nilidhani ni mzembe wa kumshika. Tufundishe, ukimkuta ameganda unafanya nini?

#3 Binti wa Fundi

Pole sana ndugu yangu. Usimvute. Na mimi nilivuta, na anguko moja kati ya yale matatu lilikuwa mkononi mwangu. Kuna mtaalamu humu amewahi kujibu nyuzi za kiharusi, natamani apite hapa.

#4 Fizio wa Mtaa

Nimepita. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi hapahapa Dar, wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi na mgongo lakini wa Parkinson wanaongezeka kila mwaka. Naandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza kuganda. Mgonjwa akiganda, miguu imesimama lakini uzito wa mwili umeshakwenda mbele. Ukimvuta unaongeza kilekile kinachomwangusha. Mwambie asimame, asijitahidi. Avute pumzi, anyooshe mgongo. Ahamishe uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayumba taratibu. Kisha hatua moja kubwa kwa hesabu. Ikigoma, weka mguu wako kwa kukingama mbele ya mguu wake na umwambie auvuke. Watu wengi hushangaa: aliyeshindwa sakafu tupu anaruka mguu wa mtu.

Sababu yake ni hii. Sisi wengine kutembea kunajiendesha kwenye ile sehemu ya ndani ya ubongo ambayo kwa mgonjwa imekosa dopamini. Ukimpa mstari wa kuvuka au mdundo wa kufuata, mwendo unapitia njia nyingine, ile ya kukusudia, ambayo kwake bado ni nzima. Cherehani ya mzee ni hivyohivyo: pedali inampa mguu mdundo wake. Mwaka 2010 daktari wa Uholanzi, Bas Bloem, alionyesha mgonjwa wa miaka 58 ambaye hatua chache tu zilimshinda, lakini ukimpandisha baiskeli anaendesha, anageuka na kurudi kama mtu mzima wa afya. Akishuka, anaganda palepale.

Pili kugeuka, maana maanguko mengi yako hapo. Msimruhusu ajizungushe mahali pamoja kama pikipiki. Ageuke kama lori: achukue duara pana, hatua kwa hatua. Jikoni na chooni ambako hakuna nafasi, ageuze kama mshale wa saa, mguu mmoja mmoja.

Tatu, wakati anatembea asibebeshwe ndoo wala kuulizwa habari za shamba. Akili yake yote inahitajika miguuni. Mkitaka kuongea, simameni.

Na ndala zile za kuchomeka kidole hazifai. Nunueni viatu vinavyokamata kisigino.

#5 Kijana wa Ubungo

Samahani wakuu, nauliza kwa nia njema. Baba yangu ana miaka 76, ana presha na Parkinson. Akipanda ngazi za kituo cha mwendokasi anahema. Mnasema mazoezi, mazoezi, mbona naogopa tutamuua? Na hivi kweli yanaponya, au ni kumpa mtu moyo tu?

#6 Fizio wa Mtaa

Swali zuri na hofu yako ni ya haki. Hayaponyi, na yeyote atakayewauzia mazoezi ya kuponya Parkinson anawadanganya. Lakini hayapo kwa ajili ya kutia moyo tu.

Mwaka 2018 Marekani ulichapishwa utafiti wa watu 128 walioanza kuumwa karibuni, hata dawa hawajaanza. Kundi moja lilitembezwa kwenye mashine mpaka mapigo ya moyo yakafika asilimia 80 hadi 85 ya kiwango cha juu, kundi jingine kwa mwendo wa wastani, la tatu likaendelea na maisha yake. Baada ya miezi sita, alama za ugonjwa za waliofanya kwa nguvu zilikuwa karibu palepale, na za waliokaa hivihivi zilizidi kuwa mbaya. Mwaka uliofuata Uholanzi wakatoa wa kwao: watu 130, nusu wakikanyaga baiskeli ya kusimama nyumbani kwao dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, nusu wakijinyoosha tu. Matokeo yakaelekea hukohuko. Na mwaka 2023 ukatoka uchambuzi uliokusanya tafiti 156 za watu karibu 8,000. Dansi, mazoezi ya maji, uzito, baiskeli, tai chi, karibu kila aina ilisaidia mwendo, na haikuonekana aina moja iliyozishinda nyingine waziwazi.

Kwa baba yako sasa. Mpimeni presha kwanza akiwa amelala, kisha akiwa amesimama dakika tatu. Parkinson yenyewe, pamoja na dawa zake, hushusha presha mtu akisimama, na mgonjwa anayemeza dawa za presha pia anaweza kudondoka bila hata kuganda. Namba hizo mpelekeeni daktari, ndiye aamue kuhusu moyo. Akiruhusu, kipimo cha nguvu ni rahisi: aheme kiasi kwamba anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Aanze na dakika kumi, hata tano. Lengo ni nusu saa siku tatu za wiki, na siku zilizobaki kazi ya misuli na ya kujimudu asianguke. Joto letu hili, afanye alfajiri au jioni, na anywe maji. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuona giza, anaacha papo hapo.

#7 Mkulima Mstaafu

Vijana, mnahangaika na vidonge vya bei na mazoezi ya kizungu wakati dawa iko porini. Upupu. Mbegu zake zina hiyohiyo levodopa. Mimi nimemsagia mdogo wangu.

#8 Fizio wa Mtaa

Mzee shikamoo. Ni kweli usemalo, mbegu za upupu zina levodopa, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa halisi. Ninachokuomba, usimpe kimyakimya. Mbegu za shamba hili na za shamba lile hazina kiwango kimoja, kwa hiyo hujui umempa robo ya kidonge au vinne. Akiwa anameza na vya hospitali, zinajumlishana: anaanza kupinda-pinda mwili bila kutaka, kutapika, kuona watu wasiokuwepo. Mwambie daktari wake mlichompa na kiasi gani. Daktari mzuri hatawagombeza.

Na nyote: mgonjwa wa Parkinson akitapika, msimnunulie metoklopramaidi dukani. Ile dawa inaziba dopamini na inaweza kumgandisha zaidi. Kuna watu ambao kutetemeka kwao kote kumeletwa na dawa za namna hiyo.

Ila Mzee, kuhusu mazoezi ya kizungu nakataa kwa heshima. Mtu anayetwanga kinuni kwa mdundo, anayepura mpunga, anayepiga makasia, anafanya hayahaya.

#9 Mkulima Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nitampeleka akapimwe na nitamwambia daktari.

#10 Konda wa Zamani

Nimeusoma uzi wote mara mbili kabla ya kuandika, maana humu wote mnaongelea wazazi wenu na mimi ndiye mgonjwa mwenyewe. Nina miaka 54. Niligunduliwa nikiwa na 49.

Nilikuwa konda, kisha dereva, njia ya Mbagala. Dalili yangu ya kwanza ilikuwa pua. Miaka miwili kabla ya kutetemeka nilipoteza harufu, mpaka abiria wakilalamika dizeli inavuja mimi sisikii chochote. Hakuna aliyejua ni dalili. Choo kigumu nacho, miaka. Mkono ulipoanza, watu wakasema pombe. Mimi sijawahi kunywa. Kuna abiria aliwahi kushuka kwenye gari akisema dereva kalewa, na gari zima likamfuata. Siku ile niliweka funguo mezani, sikuendesha tena.

Nilikaa ndani miezi minane. Sikutaka kuonwa. Naliandika hili kwa ajili ya wenye wagonjwa: lile kukaa kimya na uso usiocheka, sehemu yake ni misuli ya uso iliyokakamaa, lakini sehemu nyingine ni huzuni, na huzuni nayo ni ya ugonjwa huuhuu. Mwambieni daktari.

Aliyenitoa ndani ni kijana wa mtaani anayefundisha ngumi. Wakubwa humu watakumbuka Muhammad Ali alikuja Dar Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Kaka yangu alikwenda kumtazama, akarudi anarukaruka nyumba nzima. Miaka minne baadaye Ali aliambiwa ana Parkinson. Kwa hiyo yule kijana aliponiita nije nipige begi nilimwambia ngumi ndizo zilizommaliza Ali. Akanijibu, "Baba mdogo, hapa hakuna atakayekupiga. Wewe ndiye utakayepiga."

Baadaye nikasikia huko Indianapolis kuna programu ya ngumi kwa wagonjwa wetu tangu mwaka 2006, imeanzishwa na mgonjwa mwenyewe, Scott Newman, aliyeupata akiwa na miaka 40. Hakuna kupigwa kichwani, ni begi, miguu, na kuhesabu kwa sauti. Sisi tunafanya hivyohivyo bila kujua. Naita namba kwa nguvu zangu zote: moja kushoto, mbili kulia, tatu ndoano, nne rudi nyuma hatua kubwa. Akibadilisha mpangilio ghafla nalazimika kufikiri na kusogea kwa wakati mmoja, na hapo ndipo nasikia ubongo unafanya kazi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nashika ukuta. Sasa napiga raundi sita za dakika mbili. Mkono bado unatetemeka. Lakini nafunga vifungo vya shati langu, na mke wangu anajua hilo lina maana gani nyumbani kwetu.

Binti wa Fundi, mfikishie mzee salamu zangu. Futi kamili, nimeipenda, naichukua.

#11 Binti wa Fundi

Baba mdogo, shikamoo. Nimemsomea baba ujumbe wako wote. Ulipofika pa funguo aliniambia nisimame kidogo. Halafu akasema nikuulize kama unapiga kwa mkono unaotetemeka au mzima.

#12 Konda wa Zamani

Marahaba mwanangu. Mwambie yote miwili, lakini unaotetemeka ndio unaoanza.

#13 Mama Kurwa

Nijibu la sauti. Mume wangu alikuwa anaimba besi kwaya ya kanisani, ikafika mahali simu anapiga watu wanakata wakidhani mtandao mbovu. Mtaalamu wa matamshi alimpa kazi moja ya kuchosha: avute pumzi, atoe "aaaa" kwa nguvu na kwa urefu kadiri awezavyo, mara kumi na tano, kisha asome sentensi kumi anazotumia kila siku. "Naomba maji." "Kurwa, fungua geti." Kila siku, nyumba nzima inasikia. Kuna mpango mzima wa namna hiyo ulioanzia Marekani miaka ya 1980, wa siku nne kwa wiki kwa majuma manne, na msingi wake ni huohuo wa futi ya mzee: anadhani anapiga kelele, kumbe ndiyo kwanza amefika sauti ya kawaida. Sisi tunakaa mwisho wa kibaraza, akisema tusisikie tunainua mkono, anarudia.

Kwa waislamu naona kusoma kwa sauti kunafaa vilevile. Na angalieni kumeza. Mgonjwa akikohoa kila akinywa chai, au sauti ikawa na majimaji baada ya kula, mpelekeni. Ale amekaa wima, vitonge vidogo, na asiongee huku anatafuna.

#14 Fizio wa Mtaa

Mama Kurwa umemaliza. Nami niongeze moja linaloniumiza. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita nyumba kwa nyumba kwenye eneo la watu kama 161,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu ya hao hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia wanaumwa nini. Yule mume wa mama wa kwenye foleni walau ana jina la ugonjwa wake. Ukirudi kliniki, mtafute.

Na la mchanga, mdundo unaweza kuchukua nafasi ya mstari. Nyumbani kwenu mna muziki gani anaoupenda mzee?

#15 Binti wa Fundi

Fizio, hilo swali lako limenikumbusha jambo ambalo sikuliandika kwa sababu sikujua kama ni la kitaalamu.

Sisi ni Wazaramo. Mwezi wa pili mwaka huu kulikuwa na harusi mtaa wa nyuma, na mdundiko ukapita mbele ya nyumba yetu. Baba alikuwa getini, ameganda, mimi nashika kiti nimkalishe. Ngoma ilipofika usawa wetu niliona bega lake linachukua mdundo. Kisha mguu. Akatoka getini, akaingia nyuma ya wanawake, akaenda nao mpaka kwenye kona ya duka la mkaa, hatua zinafuatana, mkono wa kulia unapunga. Nilikuwa nyuma yake na kiti mkononi. Ngoma ilipopinda kushoto akasimama, akaganda tena, nikamkalisha palepale barabarani. Alikuwa analia na kucheka. Mama alidhani ni mizimu.

Kaka yangu ameirekodi ile ngoma kwenye simu baadaye. Swali ni kwamba ni ya haraka. Nimpigie hivyohivyo?

#16 Fizio wa Mtaa

Mama asiogope, kilichomtoa getini ni mdundo.

Usimpigie hivyohivyo. Hesabu kwanza hatua zake za kawaida kwa dakika moja, siku ambayo dawa imeshika. Zikiwa 90, tafuta mdundo wa 90. Kaka anaweza kupiga taratibu kwenye debe mkarekodi upya. Mgonjwa anayeganda akisukumwa haraka hatua zinafupika, anaanza kukimbia vidole vikiburuta, anaanguka kifudifudi. Akishazoea wiki kadhaa mnaongeza kidogo kidogo. Sikio moja tu liwe na muziki, jingine lisikie bodaboda. Na mfundisheni kuuimba kimoyomoyo, maana simu itazima siku moja akiwa sokoni.

#17 Kipepeo wa Kigamboni

Wiki ya tatu leo, nimerudi kuwapa ripoti. Tepu ilibanduka kwa maji ya kupigia deki, nikapaka mistari kwa rangi ya mafuta. Mwenye nyumba alinuna, nikamweleza, akaniongezea brashi. Mama amepita mlango wa chumba jana mara kumi na moja, nimehesabu. Mara mbili aliganda, nikaweka mguu, akauvuka. Sijamvuta hata mara moja.

Jipya ni usiku. Anapiga kelele usingizini, anarusha mateke kama anapigana na mtu, juzi alidondoka kitandani. Majirani wanasema tumwite mtu aje amsomee.

#18 Fizio wa Mtaa

Hongera, na pole. Ni sehemu ya ugonjwa: anaigiza ndoto kwa sababu ile breki ya mwili ya usingizini imelegea. Kumsomea hakukatazwi, lakini daktari aambiwe kliniki ijayo, kuna dawa. Kwa leo usiku shusheni godoro sakafuni au wekeni jingine pembeni, ondoeni stuli na thermosi karibu na kichwa, na anayelala naye ahame kitanda kwa sasa.

#19 Kipepeo wa Kigamboni

Godoro tumeshalishusha. Sasa naona tatizo lingine, kutoka chini atainukaje asubuhi kabla ya dozi?

#20 Konda wa Zamani

Hilo nalijua mwenyewe, ni saa mbaya kuliko zote. Asijaribu kukaa moja kwa moja. Akunje magoti yote mawili, ayaangushe upande mmoja kwa pamoja, kiwiliwili kitafuata. Kisha kiwiko, kisha magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Kiti cha plastiki kiwe hapo tayari, kimeegemea ukuta: mikono juu ya kiti, mguu mmoja mbele, hesabu tatu kwa sauti, ainuke. Na dozi ya kwanza na maji viwekwe usiku mahali anapovifikia akiwa bado amelala.